Mshahara Unaobaki Same

Tulikuwa watatu tuliosomea uhifadhi pamoja, na tulipopata kazi tukatawanyika. Mmoja alikwenda Dar es Salaam, mmoja Arusha, mimi nikaangukia Same, kwenye vumbi na joto, chini ya milima nilikozaliwa. Kila mwisho wa mwezi tulilinganisha mishahara kwenye simu. Hatukufanya hivyo kwa wema. Kila mmoja alitaka kujua kama wenzake wanamzidi.

Kwa kutazama mshahara wenyewe, wa Dar alituacha mbali. Lakini mimi ni mtu wa takwimu na nina kiburi changu, nikawachorea jedwali. Toa kodi, ambayo Dar mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Toa nauli, toa maji ya kununua, toa gesi, toa chakula cha mchana. Wa Dar akabakiwa na kidogo kuliko wa Arusha, na wa Arusha akabakiwa na kidogo kuliko mimi. Nilicheka peke yangu ofisini.

Siri yangu ilikuwa moja. Kazi yangu nyingi ilikuwa juu milimani, kupima misitu na vyanzo vya maji, na ofisi ilinilipa posho ya kulala na kula. Nami nililala kijijini Myamba kwa mama, nikala kande zake, posho ikabaki mfukoni. Kwenye safu ya chakula na malazi niliandika sifuri.

"Umetoboa, ndugu yangu," aliandika wa Dar. "Na mama yako umemweka safu gani?"

Nilimtumia alama ya kucheka tu.

Mama yangu ni mjane, na alikuwa akiishi kwa tangawizi. Shamba lake lilikuwa dogo, bondeni, kando ya kijito kinachojaza ndiva, lile bwawa ambalo wanakijiji hugawana maji yake kwa zamu. Tangawizi hiyo ndiyo iliyonisomesha, na baadaye ndiyo iliyomnunulia dawa za presha. Hakuwahi kuniomba hata shilingi. Aliringa kwa hilo mbele ya wanawake wenzake, na alikuwa na haki ya kuringa.

Kisha nikaagizwa kuweka mipaka kando ya kijito kile: mita sitini kutoka kwenye maji, na ndani yake hakuna kulima. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Sisi Wapare hatuna mchezo na mpaka. Mtu anaweza kuhudhuria baraza mwaka mzima kwa ajili ya mgomba mmoja. Nilijua kabisa watakachosema, kwamba kijana atampendelea mama yake.

Kwa majirani wote nilianzisha kamba ya kupimia pale maji yalipokuwa siku ile, nacho kilikuwa kiangazi, kijito kimesinyaa. Nilipofika kwa mama niliianzisha pale maji yanapofika wakati wa masika. Bonde hapo ni tambarare na maji ya masika hutapakaa mbali. Vigingi vikapanda juu, vikameza karibu shamba lote.

"Huyu kijana ana haki," alisema mwenyekiti wa kijiji, na watu wakaitikia. Mama alikuwa amesimama kando, kanga kaifunga kiunoni. Nami, naona aibu kuandika, nilifurahia sifa ile.

Tangawizi iling'olewa kabla haijakomaa. Mnunuzi kutoka Same aliichukua kwa bei ya kutupa, tena kwa kulalamika. Wiki iliyofuata pembe ikapigwa kuita msaragambo, kazi ya kijiji ambayo kila kaya hutoa mtu na jembe lake, na asiyekuja hutozwa faini. Safari hii kazi ilikuwa kupanda miti ndani ya vigingi vyangu. Kaya ya mama ina mtu mmoja.

"Mama, kaa nyumbani," nilimwambia. "Faini nitalipa mimi."

"Sijawahi kulipiwa faini ya msaragambo," alisema, akachukua jembe.

Akachimba mashimo kwenye matuta yake mwenyewe. Mimi nilisimama na daftari nikihesabu miche, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Mpakani, tangawizi ya jirani ilikuwa bado imesimama, majani mabichi kabisa, karibu na maji kuliko yalivyokuwa matuta ya mama. Ningeweza kurekebisha jioni ile ile. Ilihitajika karatasi moja na saini yangu. Lakini ningelazimika kusema mbele ya watu wale wale kwamba nimekosea, na kwamba nimekosea kwa makusudi. Nikajiambia nitafanya wiki ijayo. Miche ikashika.

Mwezi uliofuata nilipanda tena Myamba na begi langu kama kawaida. Nilimkuta jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akapangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. "Baba, samahani. Najua una mambo yako. Dawa zangu zimekwisha tangu juma lililopita. Kama utaweza. Kama hujajaliwa, si lazima."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yale. Nilimsikia akiyapitia moja baada ya jingine. Nikatoa pesa zote nilizokuwa nazo. Akachagua za dawa tu, zilizobaki akanirudishia kiganjani, akanikunja vidole.

"Mama," nikaanza, "siku ile ya kupima..."

"Nilikuwa nimesimama pale, baba," alisema. "Niliona ulipoanzia."

Kisha akafunua chungu, akanipakulia kande. Nikala, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya.