Kozi ya Kubahatisha

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ya kwanza ya ile kozi fupi zilipanda kabla mwalimu hajaujaza ubao. Tulikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, naye alitufundisha jinsi kompyuta inavyotafuta jibu kwa kubahatisha.

"Yaani nimetoka Tlawi mpaka chuo kikuu kuja kujifunza kubahatisha?" nilimnong'oneza jirani yangu. Akacheka tu.

Kazi ilikuwa kupanga ratiba ya mitihani, asiwepo mwanafunzi mwenye mitihani miwili kwa wakati mmoja. Programu inachukua mitihani miwili yoyote, inaibadilishia saa, halafu inaangalia: migongano imepungua? Ikipungua, inakubali. Ikiongezeka, mara nyingine inakubali vilevile, hasa mwanzoni. Hapo nilishindwa kuvumilia. Mtu mwenye akili zake anaachaje pazuri akaenda pabaya kwa hiari? Mstari wa programu ulioruhusu hivyo nikaufuta.

Nilimjua mtu mmoja aliyefanya hivyo, na nilikuwa sisemi naye: baba yangu. Mama alipofariki tulimzika Tlawi, kando ya nyumba, kule juu kwenye baridi na maji. Shamba lilikuwa limegawanywa kwa baba zangu wadogo mpaka likabaki kama mkeka, na tangu ruzuku ya mbolea iondolewe halikutulisha tena. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, baba akafungasha, akashuka Mogitu kuanza upya kwenye vumbi. Kaburi akaliacha. Mimi nikabaki kwa shangazi, na nyumba mpya ya baba sikuwahi kuiona hata mlango. Kila likizo alituma salamu kupitia shangazi, kwamba nishuke nikamwone. Wapi! Nilikuwa na uchungu, na niliulea.

Basi programu yangu ikakwama. Migongano ilipungua, ikapungua, ikagoma. Kila badiliko liliharibu kidogo, nami nilikuwa nimekataza kuharibu. Mwalimu akapita, akaona mstari haupo.

"Dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, darasa zima likaangua kicheko.

Nikaurudisha huku nimenuna. Migongano ikapanda, nikang'ata kucha. Baadaye ikaanza kushuka, taratibu, mpaka ikapita pale ilipokuwa imegoma. Wenzangu walishangilia. Mimi nilimfikiria baba, nikatoka nje na simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Nataka kukuuliza. Ulipohama, ulijua huko kutakuwa na nafuu?"

Nilitaka aseme alijua. Ingekuwa rahisi kumsamehe.

"Sikujua," akasema. "Mwaka wa kwanza mahindi yaliungua yote. Nikatamani kurudi, ila nirudi kula nini? Halafu pale Tlawi, kila asubuhi nikifungua mlango, macho yanaanza na kaburi la mama yako. Nilishindwa, mwanangu. Kukwambia pia nilishindwa."

Jamani, nililia pale mbele ya watu, wala sikuona aibu. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyemlilia mama.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, baba. Nikipanda basi, hapo Mogitu nishukie wapi?"