Siku Baba Alipomtetea Mpishi

Enzi zetu mtu hakukurupuka tu akaenda sinema. Najua mtacheka, binti wa Kidato cha Tatu anasema "enzi zetu" kama bibi aliyebakiza meno mawili. Chekeni. Wenzangu tuliokua pamoja pale Iringa mtanielewa. Hawa watoto wa darasa la tano wa siku hizi, wanaotoka kwenye picha za kungfu wakirusha mateke hadi kwenye uzio wa watu, hawawezi kujua kwamba miaka michache tu nyuma ruhusa ya kwenda sinema iliombwa wiki nzima, na kwa unyenyekevu.

Kwetu iliombwa kwa baba, balozi wa nyumba kumi. Kuwa binti wa balozi ni heshima kubwa sana. Unarudi shule na njaa yako, unakuta sebuleni watu wawili wamekaa na kuku katikati, kila mmoja anasema ni wake, na uji wako anaunywa shahidi. Baba alisikiliza kesi zote kwa kanuni moja, sijui aliitoa chuo gani: anayeongea sana ni mwongo, na anayejibu huku mikono yake inafanya kazi ana haki.

Kaka yangu Festo, aliyekuwa Kidato cha Pili, alikwenda sinema kila Jumamosi. Mimi nilikatazwa. "Binti akae gizani na watu asiowajua? Amekosa kazi?" Ikabidi mama aingilie, akijua pa kumshika mumewe. "Baba Festo, hiyo sinema unaihukumu hujaiona. Balozi gani anahukumu kwa kusikia?"

Baba akatoa masharti. Angekwenda mwenyewe kukagua, nami niwepo. Akikuta uchafu, basi, sinema nitaisikia kwa jirani hadi niolewe.

Jumamosi mchana tukaenda, Festo naye. Baba alivaa koti refu na kofia, kama anayekwenda kuzika. Picha ilishaanza, lakini yeye aliona ni utovu wa adabu kukaa bila kusalimia, akapita safu nzima akishika mikono gizani. "Kamwene. Kamwene, ndugu yangu. Habari za nyumbani?" Watoto wa mabenchi ya mbele wakapiga miluzi. Mimi nikajifunika kanga usoni.

Picha ilikuwa ya Kiingereza. Tajiri mmoja amekutwa amekufa mezani, uso ndani ya bakuli la supu, na ndugu zake wote wamejaa nyumbani wakisubiri urithi. Inspekta aliyeletwa kupeleleza alikuwa mjinga wa kupigiwa mfano; alilihoji koti lililotundikwa mlangoni, na liliponyamaza akalitisha. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Baba hakutabasamu.

"Mtu amekufa, mnacheka. Angekuwa mjomba wenu?"

Festo alikaa katikati yetu kutafsiri, na siku hiyo aliitumikia familia kwa uongo wa hali ya juu. Mwanamke wa gauni fupi alimsogelea inspekta, akamshika mashavu.

"Festo, wanafanya nini hao?"

"Inspekta kaingiwa na kidudu jichoni, baba. Huyo mama anampuliza."

"Mbona anapuliza mdomo?"

"Kimehama, baba."

Baba akashusha pumzi ndefu, ile ya kabla ya hukumu. Niliomba Mungu afanye jambo, naye akafanya: kabati likafunguka, maiti ya pili ikaanguka sakafuni. Gauni likasahaulika hapo hapo. Baba akavua kofia, akasogea mbele kwenye kiti. Sasa alikuwa anasikiliza kesi.

Mabenchi ya mbele walishamchagua inspekta kuwa stelingi, maana stelingi hafi. Baba akamchagua mpishi. "Tazameni. Wote wanaongea, wanakunywa, wanavuta sigara. Wanyonyaji watupu. Anayefanya kazi humo ni yule anayemenya viazi. Huyo hana kosa."

Safu yetu ikamuunga mkono. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Balozi, mimi namshuku yule mama mwenye mbwa."

"Ngoja zamu yako," baba akamjibu.

Mwishoni inspekta akateleza ngazini, akaporomoka hadi jikoni, akajishikiza kwenye aproni ya mpishi. Aproni ikachanika, chupa ya sumu ikadondoka. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Baba akasimama, kivuli cha kichwa chake kikajaa kwenye pazia.

"Hajapewa nafasi ya kujieleza."

"Kaa chini, mzee, tunaona kisogo."

Hakukaa hadi taa zikawashwa.

Tukarudi kwa baridi ile ya Iringa. Nilishajizika. Tulipofika sokoni baba akasimama. "Festo, yule mpishi alisema nini alipofungwa pingu?"

"Alisema kweli ameua, baba."

"Maneno marefu yale yote, ni hayo tu?"

Festo akatazama viatu vyake.

"Kesi imeharibiwa na mkalimani," baba akatangaza. "Jumamosi tunarudi. Na huyu binti aje, anaangalia vizuri. Atakuwa shahidi."

Ndivyo nilivyopata ruhusa. Jumamosi iliyofuata picha ilishabadilishwa, ilikuwa ya Kihindi, watu wanaimba bustanini. Baba aliitazama hadi mwisho akimsubiri mpishi. Baada ya hapo hatukukosa Jumamosi hata moja, na kila picha alipata mtu wa kumtetea.

Sasa nasoma bweni Mbeya. Nikirudi likizo nikisema, "Baba, naenda sinema," ananijibu, "Haya, mwanangu," hata kichwa hainui. Haji tena. Anasema picha za siku hizi hazina kesi. Wanapigana mchana kweupe na kila mtu ameona, sasa balozi wa nini?

Juzi tukaenda na wenzangu wa bweni kutazama picha ya mauaji, hapa Mbeya. Watu wastaarabu, kimya, kila mmoja na bajia zake. Muuaji akakamatwa, akaanza kusema, wenzangu wakasimama kuwahi mlango. Nikabaki nimekaa peke yangu, nikajitahidi kumsikiliza. Kiingereza changu sasa ni kizuri, nilimwelewa neno kwa neno. Ukumbi mzima hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumtetea.