Rangi ya Kucha kwenye Ndege ya Baba

Harufu ya rangi ya kucha hunipandisha hasira mpaka leo. Wajukuu wakifungua kichupa sebuleni nawafukuza wakapakie uani, nao hunicheka, wakidhani bibi yao ni mshamba anayechukia urembo. Urembo siuchukii. Ila harufu ile ikinigonga pua naiona meza ya Baba pale Kikuyu, kwetu Ugogoni, imetandikwa gazeti, upepo wa kiangazi unasukuma vumbi chini ya mlango, na Baba mwenyewe kainamia ndege ya plastiki isiyozidi urefu wa mkono wangu, anahema taratibu kama mtu anayetoa mwiba kwenye jicho la mbuzi.

Baba alikuwa mfyeka nyasi wa kiwanja cha ndege. Kazi yake ilikuwa kufyeka, kufagia, na kufukuza ng'ombe wa watu kila ndege ilipotaka kutua. Miaka ile ndiyo ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni, khanga na vitu ambavyo hatukujua hata kazi yake, lakini maofisini nako kukaanza kusikika habari ya kupunguza watu. Baba hakuwa na cheti hata cha darasa la nne. Alichokuwa nacho ni boksi. Rubani mmoja mgeni, aliporudi kwao, alimwachia boksi la vipande vya ndege ya kuunga, nalo likakaa miaka ndani ya sanduku chini ya bati, likiokwa kama mkate. Sasa Baba akaamua: ataiunga ndege ile ampelekee mkubwa wa kiwanja, aone kwamba mikono hii ya panga inaweza na ufundi wa vitu vidogo vidogo, amhamishie karakana kabla majina ya wanaopunguzwa hayajatoka.

"Mkono mtupu haulambwi, Mama Yudithi," alimwambia Mama.

Mama, aliyekuwa anachambua mlenda, hakuinua hata kichwa. "Na ndege ya plastiki, hiyo inalambwa?"

Kuunga hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa chapa. Chapa ndizo zile herufi na mistari ya rangi inayobandikwa mabawani na mkiani. Zinakuja kwenye karatasi. Unaloweka majini, chapa inaachia karatasi, unaitelezesha mpaka mahali pake. Ni nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, na zetu zilikuwa zimekaushwa na joto la miaka yote ile. Baba alitumbukiza ya kwanza, mstari mwekundu wa mkia, mimi nimeshika bakuli. Ikapasuka mbele ya macho yetu, vipande vikaelea kama mabawa ya kumbikumbi.

"Umetikisa bakuli!"

"Sikutikisa, Baba."

"Basi umepumua!"

Ya pili ndiyo aliyoitilia mlenda. Msicheke, kwetu Ugogoni mlenda ndio jibu la kila kitu kinachokwama. "Kinachoteremsha ugali kitateremsha na chapa," alisema, akapaka bawa zima. Iliteleza kweli, ikateleza mpaka ukingoni, ikakatika katikati. Asubuhi tukakuta sisimizi wamejipanga kutoka bawani mpaka mkiani kama abiria. Mama akachukua bakuli lake, akasema mlenda wa watoto wake hautaliwa tena na chuma cha angani. Zikabaki herufi nne kubwa tu, ndizo namba ya ndege, na Baba akaziogopa kabisa. Alikaa anaziangalia siku mbili. "Ndege isiyo na namba ni ya wizi," alisema.

Shangazi Debora, dada yake, alikuwa anauza vipodozi sokoni, na Jumapili ile alikuja kwetu kusengenya watu. Huku anasengenya anabandua rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, nyeupe kama maji. Nikaona inatoka nzima, kucha ya pili, laini, inakunjika bila kuvunjika. Nilikuwa darasa la sita, hesabu zinanishinda, lakini macho nilikuwa nayo.

"Shangazi, naomba kidogo."

"Upake wapi, na hizo kucha zilizojaa majivu?"

"Nipake ndege."

Alicheka mpaka khanga ikamfunguka. Baba hakucheka. "Ndege haijaolewa," alifoka, "haipakwi rangi ya kucha!"

Shangazi aliniachia kichupa hivyo hivyo, na kesho yake Baba alipokwenda kazini niliijaribu rangi ile kwenye kipande cha chapa iliyokatika, kikashika. Basi nikapaka zile nne zikiwa bado kwenye karatasi yake, mkono mmoja mwepesi, bila kurudia, maana ukirudia unaivuruga. Nikafunika kwa ungo vumbi lisiingie, nikaziacha zikauke mpaka jioni. Kisha nikakata kila herufi peke yake kwa wembe, karibu kabisa na rangi yake, kwa sababu ile ngozi mpya inazishika zote pamoja kama kondoo. Kosa langu lilikuwa moja: tone lilidondokea bawa na kula plastiki, kishimo kama cha ndui. Baba aliporudi aliona kishimo kwanza, akafungua mdomo. Halafu akaona herufi ya kwanza ikiteleza kutoka kwenye karatasi, nzima, ikilala bawani. Akaufunga. Akanipokonya bakuli.

"Bandika wewe," alisema. "Bakuli nashika mimi."

Mkubwa wa kiwanja aliigeuzageuza ndege ile na kuisifu, hasa zile herufi. "Nani amebandika hizi?" aliuliza. Swali moja tu, la kujibiwa kwa neno moja! Na Baba, mtu mzima mwenye watoto wanne, akajibu, "Binti yangu."

"Basi mlete binti tumpe karakana," akasema mkubwa, na ofisi nzima ikacheka. Baba akarudi na ndege yake kwapani. Majina yalipotoka, lake lilikuwamo.

"Ungesema ni wewe!" Mama alilia.

"Msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

"Basi Mungu ampe unga!"

Baba akawa kibarua wa mashamba ya zabibu ya watu, na mimi baada ya darasa la saba sikuendelea. Kwa miaka yote hii nimemkasirikia marehemu kwa uongo mmoja alioshindwa kuusema.

Siku hizi niko Nzuguni, na mjukuu wangu Rehema yuko kidato cha tatu, kichwa chake kinachemka, mimi najivuna naye mpaka majirani wamechoka. Juzi alinipigia simu akilia: ndege yake ya maonyesho ya sayansi, chapa alizochapisha mjini zinapasukia majini. Nikamwambia yote, mkono mmoja, ungo, wembe. Jana akapiga tena.

"Shikamoo Bibi! Nimekuwa wa kwanza! Mwalimu kauliza nani kanifundisha kubandika vile."

"Marahaba. Ukasemaje?"

"Nikasema nimegundua mwenyewe."

Jibu lilelile nililolitaka kwa Baba. Nikajikuta nimemkatia simu kwa hasira. Nikaishusha ndege ya Baba kutoka juu ya kabati, nikaifuta vumbi. Herufi zote nne zipo, hata moja haijainua pembe. Nikakaa nayo mapajani mpaka Rehema alipopiga mara ya tatu, na sikupokea.