Nilimtuma Mdogo Wangu Akasomee Umeneja kwa Jina Langu

Admin, nifiche vizuri tafadhali, maana duka langu likijulikana nimekwisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Ujiji, nina mume na watoto watatu, na duka langu liko Gungu. Nauza mikate na keki za kampuni moja yenye matawi mikoani. Duka ni langu, ila bango, sare na namna ya kuoka ni vya kwao. Nawaandikia kwa sababu kuna mtu namwonea wivu, na mtu mwenyewe ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Kampuni ina sharti. Mwenye duka lazima aende Tabora mwezi mzima akasomee umeneja, afanye mtihani, afaulu, ndipo wanamfungia bango. Jamani, mimi nimeuza maandazi sokoni tangu sijaolewa! Nilipoambiwa nikakae darasani nikaona wananidharau, nani wa kunifundisha mimi kuuza? Hivyo ndivyo nilivyomwambia mume wangu. Nyie niwaambie ukweli kwa vile hamnijui: niliogopa mtihani. Shule niliishia darasa la tano, na nikishika kalamu mbele za watu herufi zinanipotea.

Basi nikamtuma mdogo wangu, nimwite Siwema, si jina lake. Yeye kamaliza kidato cha nne, na alikuwa nyumbani kwangu tu ananisaidia. Fomu ilitaka jina na namba ya simu, nikajaza vya kwangu, akapanda treni. Kule walikuwa wanaita majina kwenye karatasi, likitajwa langu anaitika yeye. Akarudi na cheti chenye jina langu, tukakitundika ukutani, bango likafungwa. Nikajua yameisha.

Wapi! Siwema alirudi mtu mwingine. Alipanga mikate upya, akahamisha kaunta, na kila anayeingia anamsalimia kama alikuwa anamsubiri yeye tu. Kina mama wa Mwandiga anawasalimia kwa Kiha, "Mwakeye mama," wanacheka, wananunua na wasichokuja kununua. Siku moja mteja wangu wa tangu enzi za maandazi aliingia, akanitazama, akauliza, "Siwema yupo?" Nikamwambia katoka kidogo, nikuhudumie mimi. Akasema, "Aa, namsubiri." Akavuta kiti akakaa! Kwenye duka langu!

Na nyumbani nako hakuna pa kupumulia. Nikimuuliza mume wangu jambo la duka ananijibu, "Hilo si umuulize Siwema?" Siwema mwenyewe ana adabu zake, na hizo adabu ndizo zinazonimaliza. "Samahani dada, naomba ufunge kitambaa vizuri, nywele zinatoka." "Samahani dada, huo wa jana hatuuzi." Mtoto niliyembeba mgongoni, nikamwogesha, nikamlea tangu mama yetu alipofariki, leo ananiomba samahani huku ananiamrisha. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Kuna kitu alinieleza aliporudi, akiwa na furaha zake. "Dada, mkufunzi alisema waliofanya vizuri wataitwa wakawafundishe mameneja wengine. Wakipiga tuwaambie ukweli, waniandike jina langu. Wewe utaenda kusoma zamu inayofuata, mimi nitakufundisha kabla hujaenda." Nikamwambia sawa mdogo wangu, Mungu akujalie. Namba waliyonayo ni yangu.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, simu ikaita. Siwema alikuwa nyuma kwenye oveni. Mwanaume akataja jina langu lote, akasema, "Hongera mama, ulikuwa wa kwanza kati ya wote. Tunakuhitaji Tabora uwe mkufunzi wetu." Wallahi, kwa dakika ile nilijiona ni mimi kweli. Machozi yalinilenga. Sijawahi kuwa wa kwanza kwenye kitu chochote. Halafu nikasikia trei inagonga kule nyuma, nikakumbuka wa kwanza ni nani. Nikamjibu, "Nashukuru, ila nina mume na watoto, siwezi." Akasema nifikirie vizuri, atapiga tena Jumatano. Siwema akatoka na mikate, jasho linamtiririka, akauliza, "Nani huyo, dada?" Nikamwambia wamekosea namba.

Nimejidanganya kwamba naogopa kufungiwa duka. Si kweli. Hata wangeniapia kwamba duka halitaguswa, bado nisingempa ile simu. Roho inaniuma, basi.

Sasa sikilizeni la jana. Tumekaa uani tunachambua dagaa, Siwema akasema taratibu, "Dada, wale watu hawajapiga. Nadhani sikufanya vizuri kama nilivyofikiri." Akaenda ndani, akaja na kitabu chake cha mafunzo, akanipa. "Niulize maswali, nijue nilikosea wapi." Nikamuuliza. Nasoma kwa kujikongoja, yeye anajibu hata sijamaliza swali. Majibu yameandikwa mwishoni mwa kitabu, nikawa nayaangalia, yote kapatia, hakuna hata moja lililompita. Nikafunga kitabu nikamwambia, "Mawili umekosea."

Akakipokea kitabu. Kisha akasema, "Asante dada, bila wewe nisingejua." Na tangu jana kila akipata nafasi yuko na kile kitabu, anatafuta mawili ambayo hayapo.

Msinitukane kwamba nina roho mbaya, hilo nalijua, ndiyo maana nimeandika. Kesho kutwa ni Jumatano, yule mwanaume atapiga, na simu iko mkononi mwangu. Nikimpa Siwema, atajua kwa kinywa cha mtu mwingine kwamba nilishamkatalia, na kwamba jana nilimdanganya usoni. Nisipompa, ataishi akijiona hajui, na anajua kunizidi mimi na wote waliokwenda naye. Ndugu zangu, nishaurini, nianze kumwambia lipi?