Mpelelezi Aliyekula Makande

Sinema ya mapigano ilikuwa ikionyeshwa kinyozini, hapa Same mjini, nami nikashindwa kunyamaza. Nikasema sinema ni uongo mtupu, watu wanapigana kutwa nzima na hawali. Ukweli uko kwenye riwaya. Nikataja kwa jina riwaya ya mpelelezi ambayo marehemu mke wangu, Naelijwa, alinisomea nikiwa naosha tangawizi, maana mimi kusoma kunanishinda.

"Yule kwanza alikula makande akashiba, ndipo akamkamata jambazi. Kisha akarudi salama kwa mkewe."

Mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri kunyolewa akatoa kitabu hicho hicho mkobani. "Shikamoo mzee. Humu hakuna makande. Na mpelelezi anakufa."

"Marahaba. Umeruka kurasa, mwalimu. Soma kwa sauti wote wasikie."

Akasoma ukurasa wa mwisho. Mpelelezi akapigwa risasi, akafa na njaa yake.

Kinyozi akazima mashine. "Sasa mzee, wewe ulisomewa kitabu gani?"

Nikakumbuka kwamba siku Naelijwa aliponisomea mwisho wa riwaya ile, makande yalikuwa yanachemka jikoni kwetu.

"Cha mke wangu," nikajibu.