Mashine Iliyobaki Visiga

Abednego alipohamia Vihingo kwa mke mpya, alibeba randa ya umeme, alibeba msumeno wa meza, akabeba hata benchi ambalo Elinipa, mke aliyemwacha, alikuwa akikalia kupiga msasa. Pale Visiga aliacha mashine moja tu, ile ya kukerezea miguu ya vitanda. Wala hakuiacha kwa huruma. Aliiacha kwa sababu ilikuwa inateleza. Ukikaza kichwa cha nyuma, kile chenye ncha inayobana gogo lisichomoke, kinashika kwa kuzuga tu. Patasi ikigusa mti, kinarudi nyuma na gogo linaruka. Mara moja liliruka likavunja dirisha.

"Mwacheni abaki nayo," aliwaambia majirani. "Itamtia adabu."

Elinipa, mama wa Kipare kutoka Usangi ambaye hakuwahi kukalia dawati la shule, alibaki nayo miaka mitatu. Alikereza vidogo vidogo, mipini ya patasi na vijiti vya kusukumia chapati, akala na kuishi. Halafu wiki hii kanisa moja kule Kisarawe likampa Abednego kazi ya nguzo za madhabahu, nguzo ndefu za kukerezwa. Ghafla mashine mbovu ikawa mali yake! Akampigia simu mjumbe wa mtaa, Mzee Zubeir: Jumamosi anakuja na pikapu kuichukua.

Mzee Zubeir alikuja mwenyewe kumweleza Elinipa.

"Mwanangu, mimi nasema mashine ni ya anayeitumia. Yeye anasema wewe huiwezi. Basi Jumamosi kereza nguzo nzima mbele yetu sote. Ikitoka, mashine ni yako, na atakayeigusa atanigusa mimi. Gogo likiruka, anapakia."

Elinipa alikaza. Alichomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa kukazia, akaning'inia nacho. Kichwa kikateleza. Akachukua kopo la oili akazipaka reli za chuma zinazobeba kichwa hicho mpaka zikang'aa, kwa maana ndivyo alivyofundishwa. "Mashine ni kama ngozi, ikikauka inapasuka," Abednego alikuwa akisema, naye Elinipa aliipaka kila wiki, hata baada ya kuachwa. Kichwa kikateleza zaidi.

Ijumaa akaenda kwa Justa, shoga yake anayekaanga samaki kando ya barabara ya Morogoro, ili tu asilie peke yake. Justa alikuwa ameletewa kambale kutoka Ruvu, mmoja bado anajipinda.

"Nishikie huyu, dada, nimkate kichwa."

Elinipa akamshika. Kambale akachomoka, akaruka juu, akaangukia mchangani.

"We naye!" Justa akaangua kicheko. "Miaka yote hii Pwani bado unamshika kambale kwa mikono mitupu? Chota jivu hapo!"

Akapaka jivu viganjani, akamshika tena. Kambale akatulia tuli kama amepigiliwa misumari.

Elinipa akakodoa macho. Akaviangalia viganja vyake.

"Justa! Nipe jivu."

"Si umeshapaka?"

"Nipe lote! Na ndoo yake!"

"Na samaki je?"

Lakini Elinipa alikuwa ameshavuka barabara, ndoo mkononi, kanga inapepea.

Alizisugua reli kwa jivu na tambara bichi, akafuta, akasugua tena, mpaka tambara likaacha kutoka jeusi. Akalala chini ya mashine, akafungua nati, akashusha bamba la chuma linalobana reli kwa chini. Lo! Oili na unga wa mbao vilikuwa vimegandamana juu yake kama ukoko wa ugali. Akakwangua kwa kisu. Upande mmoja bamba lilikuwa limelika, akalipiga tupa mpaka likakaa sawa. Alipolirudisha, mkono wa kukazia ulifika mwisho kabla bamba halijabana. Akakaza nati ya chini kidogo, kidogo tena, mpaka mkono huo wa chuma ukabana ukiwa nusu ya njia.

Akakisukuma kichwa kwa bega. Hakikwenda. Akakipiga teke. Mguu ndio ulioumia.

Akacheka hadi machozi. Miaka mitatu mizima alikuwa akiitelezesha kwa mkono wake mwenyewe, kwa utiifu!

Jumamosi pikapu ikaingia uani. Abednego akashuka, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Gideon, hujambo? Nimekuja na watu wa kupakia."

"Sijambo, Baba Gideon. Waambie wakae kivulini, jua kali."

Abednego akashusha gogo gumu la mkongo lenye kifundo katikati kikubwa kama ngumi. "Kereza hili."

"Abednego," Mzee Zubeir akasema, "umechagua la kumuua mwenzio?"

"Fundi hachagui mti, mzee."

Elinipa akalifunga gogo, akavuta mkono wa kukazia. "Njoo ukisukume kichwa cha nyuma mwenyewe."

Abednego akatia bega. Mishipa ya shingo ikamtoka, kichwa hakikusogea.

"Sukuma, baba!" Justa akapaza sauti kutoka kwa majirani waliojaa uani. "Huko Vihingo hawakupikii?"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Elinipa akawasha umeme. Gogo likazunguka, patasi ikauma, maganda yakaruka yakamjaa mabegani. Kisha akafika kwenye kifundo. Ta-ta-ta-ta! Mashine ikatetemeka, Justa akajificha nyuma ya mjumbe, wapakiaji wakarudi hatua. Elinipa hakuinua mkono. Ta-ta-ta, ta-ta, ta... kisha kimya, na mti ukawa unaimba laini. Shingo ya nguzo ikatokea, likatokea tumbo, zikatokea pete mbili za chini. Kichwa cha nyuma kilikuwa palepale.

Mzee Zubeir akampungia dereva. "Geuza gari."

Abednego aliishika ile nguzo, bado ina joto, akaigeuzageuza. "Na za kanisa nikakereze wapi?" akauliza taratibu.

"Hapa hapa," Elinipa akasema. "Ila uanze kupiga hodi, kama mteja mwingine yeyote."

Akachukua gogo jingine, akalikaza, akawasha mashine kabla hajajibiwa.