Mtafsiri wa Picha Asiyejua Kizungu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi, na wasomaji wangu mnalijua hilo. Shule niliiacha darasa la nne, nikaingia duarani, shimoni kwa wachimbaji, na sururu ya kuazima, kifusi kikanifukia mara mbili, na leo nina karasha tatu zinazosaga mawe ya dhahabu pale Segese na nyumba ya vyumba sita. Lakini Jumanne nilipopigiwa simu kwamba mzee wetu wa kibanda cha video amefariki, nilikaa juu ya gunia la mawe, kazi ikanishinda. Ni yule aliyekuwa akikaa pembeni ya runinga na kipaza sauti, akitutafsiria picha za Kizungu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma. Aliugua muda mrefu, na tumemzika kwa heshima.

Kuna mwaka, enzi za kibanda chake, mke wangu alikuwa amerudi kwao Ibadakuli, wiki ya tatu sasa, kwa sababu ya neno moja. Kila alipofungua mdomo kunishauri, nilimjibu, "Nani kakujengea?" Akitaka kabati lisogezwe, nani kakujengea. Akisema bati linavuja, nani kakujengea. Siku moja nikalisema mbele ya mama yake mzazi, mtu ambaye kwetu hata kumtazama usoni ni shida. Mke akafunga mizigo. Nikajipa moyo kwamba atarudi mwenyewe. Wapi! Mchana mmoja nyumba ikanichosha kwa ukimya, nikaenda kibandani.

Picha ilikuwa ya mume na mke waliochokana, ya kuchekesha na kuliza humo humo. Mume, Mzungu wa miwani, akasimama jikoni akitikisa kidole, na kipaza sauti kikasema, "Nani kakujengea?" Kibanda kizima kikageuka kunitazama. "Bhebhe! Wewe bosi, kumbe unaigiza mpaka Ulaya!" mmoja akapiga kelele. Kabla sijamjibu, mke kwenye picha akatua sufuria, na mzee akalainisha sauti: "Vyumba sita umejenga, mume wangu, pa kukaa mimi sina." Hapo hakucheka mtu.

Picha ilipoisha, yule mke akiwa kaondoka na kumrudia mumewe, nikamfuata mzee nimevimba.

"Shikamoo mzee. Nani kakupa habari za nyumbani kwangu?"

"Marahaba. Za kwako? Picha hii nimeionyesha Isaka kwa madereva wa malori, nimeionyesha Geita kwa wachimbaji. Kila mahali anakuja mwanamume mmoja kafura, ananiuliza hivyo hivyo."

"Na vyumba sita?"

"Isaka nilisema vinne. Huwa naangalia nani kakaa benchi la mbele."

"Kizungu chenyewe unakijua?"

"Hata salamu sijui, bosi. Natazama mabega yao."

Hasira ikaniishia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, yule mume alisema nini mpaka mkewe akarudi. "Hapo nazima kipaza sauti," akasema. "Hasemi kitu. Anakaa, anasikiliza."

Siku hizi kila mtu ana picha zake kwenye simu, anatazama peke yake, waya masikioni. Akisikia neno linalomhusu, hakuna wa kumgeukia na kumcheka, basi linapita. Nami nimeajiri wasomi wenye vyeti na Kizungu chote, na sijapata hata mmoja anayesoma mtu mabegani kama yule mzee.

Basi, kesho yake baada ya picha ile nilikwenda Ibadakuli na bahasha nene ya kuwalainisha wakwe. Nikamtuma mjomba wa mke wangu aniombee radhi kwa mama mkwe, kisha nikakaa kimya.

"Baba Kulwa, unaumwa?" mke wangu akauliza.

"Siumwi. Nasikiliza."

Alinitazama kwanza kama anayetafuta mtego. Halafu akazungumza, miaka kumi na moja yote, mpaka chai ikapoa. Baba mkwe akairudisha bahasha yangu bila kuifungua, akatuambia twende salama. Njiani nikamsimulia ya kibandani, naye mke wangu akasema anataka kuiona hiyo picha iliyonifunga mdomo, na kiingilio atalipa yeye. Lile neno likanipanda kooni, nikalimeza. Nimejenga mengi kwa mikono hii, ila kunyamaza nilifundishwa na mzee yule, na ndiko kulikonirudishia nyumba. Mke wangu alilipa viingilio vyote viwili. Mimi nilinunua karanga za shilingi mia tano.